Jibu na Wakati Wake: Historia ya Upimaji wa Usugu wa Bakteria, kutoka Sahani ya Vioteshi hadi Mashine ya Saa Mbili

1. Utangulizi

Neno «sugu» lina historia yake katika Kiswahili. Kwanza ni ile ngozi iliyokakamaa kiganjani mwa mkulima au kwenye paji la uso la mwenye kusujudu. Kutokana na maana hiyo neno likahamia tabia za watu: mtoto sugu ni yule asiyesikia fimbo wala nasaha. Likahamia tena maradhi, na ugonjwa sugu ukawa ule ukaao mwilini muda mrefu usipone. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wataalamu walilihitaji kwa jambo jingine kabisa, yaani hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaana mbele ya dawa iliyopaswa kuwaua.

Mrundikano huu wa maana si jambo la kamusi peke yake. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana «kifua kikuu sugu» aghalabu huelewa kuwa ugonjwa wake ni wa siku nyingi, au kuwa mwili wake mwenyewe umezoea dawa. Hali si hiyo. Mwili haukuzoea kitu. Waliobadilika ni bakteria. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu, na dawa ya kawaida isimfae tangu siku ya kwanza. Usugu huo hauonekani kwa macho ya daktari. Homa ni ile ile na kikohozi ni kile kile. Unaonekana maabarani tu, na maabara huhitaji muda.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya muda huo. Tangu miaka ya 1940, elimu ya viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibiotiki, imekuwa na swali moja lisilokoma: je, jibu la maabara litafika kabla ya tiba kuhitajika, au baada ya mgonjwa kuzikwa? Itaonekana kwamba vipimo vya haraka vimefupisha safari hiyo kwa namna ya kustaajabisha, lakini havikuondoa haja ya vipimo vya polepole. Itaonekana pia kwamba kasi ya mashine si lazima iwe kasi ya matibabu.

2. Chanzo: karatasi ndogo juu ya sahani

Alexander Fleming alipochapisha habari za penisilini mwaka 1929, alionyesha tayari kwamba dawa hiyo iliwaua bakteria wa aina fulani na kuwaacha wengine bila kuwadhuru. Mwaka 1940, huko Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya kinachotengenezwa na bakteria fulani ambacho huivunja penisilini na kuiharibu. Tarehe hiyo inastahili kukumbukwa, kwa sababu wagonjwa wa kwanza wa Oxford walitibiwa kwa penisilini mwaka 1941. Silaha ya adui ilijulikana kabla ya dawa kuingia vitani. Naye Fleming, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwezi wa Desemba 1945, alionya kuwa kutumia dawa kwa kipimo pungufu kungewafundisha bakteria kuihimili.

Onyo hilo halikuchukua muda kutimia. Katika hospitali moja ya London, Mary Barber alipima bakteria wa usaha, wale waitwao stafilokoko, na kukuta kwamba sehemu ya wale waliohimili penisilini ilipanda kutoka chini ya 15 kwa 100 mwaka 1946 hadi 38 kwa 100 mwaka 1947. Tangu hapo daktari hakuweza tena kutegemea jina la ugonjwa pekee. Ilimbidi aulize: bakteria wa mgonjwa huyu, leo, anauawa na dawa gani?

Njia ya kulijibu swali hilo ilikuwa rahisi kwa umbo lake. Vipande vidogo vya karatasi, vilivyoloweshwa katika dawa mbalimbali, huwekwa juu ya sahani iliyotandazwa bakteria. Dawa husambaa kutoka kwenye karatasi na kuingia katika kioteshi. Bakteria wanaodhurika hawaoti karibu na karatasi, na mahali hapo hubaki duara tupu. Wale sugu huota mpaka kwenye ukingo wa karatasi yenyewe. Njia hii ilianza kutumika katika miaka ya 1940, lakini kila maabara ilikuwa na sahani zake, vioteshi vyake na vipimo vyake, hata jibu la mji mmoja halikuweza kulinganishwa na la mji mwingine. Mwaka 1966, William Kirby, Alfred Bauer na wenzao wa Seattle, Marekani, walichapisha utaratibu uliowekwa sawa: kioteshi cha namna moja, wingi wa bakteria wa namna moja, na jedwali la milimita za duara. Utaratibu huo ndio msingi wa kazi ya maabara nyingi duniani hadi leo.

Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mashine ghali. Ubaya wake ni wakati. Siku ya kwanza kinyesi, mkojo, usaha au damu huoteshwa. Siku ya pili bakteria hutambuliwa, kisha hutandazwa upya pamoja na karatasi za dawa. Siku ya tatu maduara hupimwa. Damu huweza kuchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa bakteria waliomo ni wachache na hawana budi kwanza kuongezeka ndani ya chupa. Kwa hiyo, hata mahali ambapo kila kitu kipo, jibu huchukua siku mbili au zaidi. Katika siku hizo daktari hutibu kwa kukisia.

3. Kuhara damu: gonjwa lililoitangulia maabara

Hakuna ugonjwa ulioonyesha gharama ya kukisia huko kuliko kuhara damu kunakosababishwa na bakteria aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897, aitwaye Shigella dysenteriae wa aina ya 1. Ni Wajapani pia walioeleza kwa nini bakteria huyu anaweza kupata usugu wa dawa nyingi kwa mpigo mmoja. Mwaka 1959 Ochiai na Akiba, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba usugu unaweza kuhama kutoka bakteria mmoja wa utumboni kwenda kwa mwingine wa jamii tofauti. Ulibebwa na kipande cha urithi kinachojitegemea, ambacho leo huitwa plasmidi. Bakteria hahitaji kujifunza kuhimili dawa moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Anaweza kupokea kifurushi kizima kutoka kwa jirani yake kwa muda mfupi.

Mwaka 1969 gonjwa la bakteria huyo lilizuka Guatemala na kuenea katika nchi za Marekani ya Kati, likiua maelfu ya watu. Mwanzoni wagonjwa wengi walidhaniwa kuwa na amiba, wakapewa dawa za amiba. Hata ilipojulikana kuwa ni bakteria wa Shiga, dawa zilizozoeleka, kama vile tetrasiklini na kloramfenikoli, hazikumdhuru. Hapo makosa mawili yalikutana: lile la kutomjua adui, na lile la kutojua silaha zake.

Miaka kumi baadaye zamu ilikuwa ya Afrika ya Kati. Mwaka 1979 gonjwa lilianza kaskazini mwa Zaire, kama ilivyoitwa nchi wakati huo, likashuka kando ya Maziwa Makuu na kuingia Rwanda, Burundi na Tanzania. Bakteria wake walikuwa tayari wamehimili dawa kadhaa za kawaida. Dawa iliyotegemewa ilikuwa kotrimoksazoli, yaani mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa. Haikudumu. Mwaka 1982 Jennifer Frost na Bernard Rowe wa London, pamoja na Jean Vandepitte, mtaalamu wa bakteria aliyekuwa amefanya kazi Congo, waliandika katika jarida la Lancet kwamba bakteria wa gonjwa la Zaire walikuwa wamepata usugu wa trimethoprimu pia. Ilibidi kukimbilia asidi nalidiksiki. Kufikia miaka ya 1990 nayo ilikuwa imepoteza nguvu katika sehemu kubwa ya eneo hilo.

Yafaa kuangalia njia ambayo habari hizo zilipitia. Mgonjwa alikuwa katika kijiji cha Zaire. Bakteria wake walichunguzwa Ulaya. Jibu lilichapishwa katika jarida la Kiingereza. Elimu iliyopatikana ilikuwa ya kweli na yenye manufaa kwa historia ya tiba, bali kwa mgonjwa yule wa kwanza haikuwa na faida yoyote, kwa kuwa ugonjwa wenyewe humwua au kumwacha ndani ya siku chache. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa methali hiyo ilitimia kwa maana yake ya wazi kabisa.

Mwezi wa Julai 1994 jambo hilo lilijirudia kwa ukubwa usio na mfano. Kati ya tarehe 14 na 17, wakimbizi wapatao 500,000 hadi 800,000 kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano: kuchimba choo ni shida, kuchimba kisima ni shida zaidi, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya ziwa. Tarehe 20 kipindupindu kilithibitishwa, kisha kuhara damu kukafuata. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walifariki. Wataalamu waliotoka Bangladesh, nchi yenye uzoefu mrefu wa magonjwa ya kuhara, walianzisha maabara ya bakteria mjini Goma kwenyewe, na uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria wa magonjwa yote mawili walikuwa sugu kwa dawa kadhaa. Waliosababisha kipindupindu walihimili tetrasiklini na doksisiklini, zilizokuwa dawa za kawaida za ugonjwa huo.

Haki ya historia yataka lisemwe wazi kwamba usugu haukuwa sababu kuu ya vifo vile. Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa kwanza kwa maji na chumvi, na wataalamu hao hao walilaumu uchelewaji na upungufu katika kuwarudishia wagonjwa maji mwilini. Kuhara damu ni jambo jingine. Huko, kwa mtoto aliyedhoofika au mzee, dawa sahihi yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya uhai na kifo, na dawa isiyo sahihi ni siku zilizopotea pamoja na kinyesi kilichoendelea kuwaambukiza wengine. Fundisho la Goma katika habari hii ni moja: maabara iliyo karibu na wagonjwa, hata ikiwa ya vifaa vichache, huwafaa kuliko maabara bora iliyo ng'ambo ya bahari.

4. Kifua kikuu: kutoka miezi hadi saa mbili

Ikiwa bakteria wa kuhara damu huota kwa usiku mmoja, yule wa kifua kikuu hujivuta. Kuotesha makohozi katika kioteshi kigumu huchukua wiki 3 hadi 8, na kupima usugu huongeza wiki nyingine kadhaa. Kwa miongo mingi mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na kifua kikuu sugu alisubiri miezi 2 au 3 kabla ya kupata jibu. Wakati huo wote aliendelea kumeza dawa zisizomfaa na kukohoa kati ya jamaa zake.

Tatizo lenyewe ni la zamani sawa na dawa. Streptomisini ilitangazwa Marekani mwaka 1944. Jaribio mashuhuri la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha kwamba wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha baadhi yao wakarudi nyuma, kwa kuwa bakteria wao walikuwa wameshakuwa sugu. Ndipo ikajulikana kuwa kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Mwaka 1963 Georges Canetti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, pamoja na wenzake, waliweka kanuni za kupima usugu wa bakteria hao. Kanuni zilikuwa thabiti, lakini hazikuweza kumharakisha kiumbe asiyetaka kuharakishwa.

Njia ya kutoka katika kikwazo hicho ilikuwa kuacha kusubiri bakteria aote, na kusoma maandishi ya urithi wake. Rifampisini ndiyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Mwaka 1993 kundi la watafiti lililoongozwa na Amalio Telenti lilionyesha kuwa usugu wa dawa hiyo hutokana, kwa sehemu kubwa sana, na mabadiliko katika kipande kifupi cha jeni moja iitwayo rpoB. Kipande hicho kina herufi za urithi 81 tu. Ugunduzi huo ulirahisisha kazi ajabu. Badala ya kuuliza kama bakteria ataota mbele ya dawa, maabara iliweza kuuliza kama herufi hizo 81 zimebadilika.

Kutokana na elimu hiyo kilizaliwa kipimo cha Xpert MTB/RIF. Makohozi huchanganywa na kemikali, humiminwa katika kasha dogo, kasha huingizwa katika mashine, na mashine hufanya yaliyobaki. Huzidisha maandishi ya urithi mara nyingi mno, kisha huyalinganisha na vipande vitano vya kutambulia. Jibu hutoka kabla ya saa 2 kwisha: kama bakteria wa kifua kikuu yupo, na kama yaelekea ni sugu kwa rifampisini. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwezi wa Desemba 2010. Bei ya kasha moja kwa nchi maskini ilishuka hadi dola 9.98 mwaka 2012, na hadi dola 7.97 mwaka 2023. Mashine hizo zilienea pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na gonjwa la Ebola lilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, mashine za namna hiyo hiyo, kwa makasha mengine, zilitumika kuitambua Ebola.

5. Kipimo hujibu lile tu kilichoulizwa

Hapa historia ingeweza kuhitimishwa kwa shangwe. Lakini wahenga walituachia methali nyingine inayopingana na ile ya kwanza, kwamba haraka haraka haina baraka. Mifano miwili ya Afrika yaonyesha kuwa zote mbili zina ukweli wake.

Wa kwanza ni wa Eswatini, nchi iliyoitwa Swaziland mpaka mwaka 2018. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2009 na 2010, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa 30 kwa 100 ya bakteria wa kifua kikuu wenye usugu wa dawa nyingi walikuwa na badiliko lililo nje kidogo ya zile herufi 81. Mashine haikuulizwa habari za mahali hapo, nayo haikujibu. Wagonjwa hao wangeambiwa kuwa rifampisini ingewafaa, wakati haikuwafaa. Kwa kuwa kila mgonjwa aliyekosewa aliendelea kuambukiza, kipimo chenyewe kiliweza kuwa kichujio: kinawashika sugu wa aina moja na kuwaachia njia wa aina nyingine. Waliofichua jambo hilo hawakuwa na kasi. Walikuwa na sahani za kuoteshea, subira, na kusoma jeni nje ya mipaka iliyozoeleka.

Mfano wa pili unatoka, kwa sehemu moja, Kinshasa kwenyewe. Mwaka 2013 Armand Van Deun na wenzake walichapisha uchunguzi wa bakteria wa wagonjwa wa Bangladesh na Kinshasa ambao tiba ya kwanza iliwashinda au ugonjwa uliwarudia. Takriban moja kati ya kumi ya mabadiliko ya rpoB yaliyoonekana yalikuwa ya namna yenye kuleta mabishano. Bakteria hao huota polepole mbele ya rifampisini. Chombo cha kuotesha katika majimaji, ambacho hutumika kwa sababu ya wepesi wake, huacha kuhesabu kabla hawajaota vya kutosha, na hivyo huwaita wepesi wa kutibika. Kusoma jeni, kinyume chake, huwatambua. Kule Eswatini jeni ilikosea na kuotesha kukasahihisha. Huku Kinshasa kuotesha kwa haraka kulikosea na jeni ikasahihisha.

Kwa hiyo si halali kusema kwamba njia mpya imeifuta ya kale, wala kwamba ya kale ni ya kweli na mpya ni ya mapambo. Kipimo cha jeni hutafuta usugu unaojulikana tayari. Usugu mpya hupita mbele yake kama mgeni asiye na jina katika daftari la mlinzi. Kuotesha hakuna daftari. Huonyesha tu kama bakteria anakufa au anaishi. Lakini kuotesha nako kuna mipaka yake, na mipaka hiyo haijulikani mpaka kilinganishwe na kingine. Kila kipimo cha haraka kimesimama juu ya miaka mingi ya kazi ya polepole, na kazi hiyo ikikoma, cha haraka hubaki na kumbukumbu za bakteria wa jana.

6. Bakteria wa damu na maabara iliyo karibu

Kifua kikuu kilipata mashine yake kwa sababu usugu wa rifampisini uko, kwa kiasi kikubwa, mahali pamoja. Bakteria wa homa za damu si rahisi hivyo. Wana jeni nyingi za usugu, na nyingi kati yake husafiri kwa zile plasmidi zilizogunduliwa Japani. Tangu mwaka 2007 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa, ijulikanayo kwa kifupi cha INRB, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, imekuwa ikikusanya na kuotesha damu za wagonjwa, hasa katika hospitali ya Kisantu, Kongo ya Kati. Mwaka 2019 ushirikiano huo ulichapisha habari za tawi la Salmonella Typhimurium lililoonekana huko, bakteria ambaye huingia katika damu za watoto wadogo na kuwaua. Tawi hilo lilikuwa limehimili ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, likaongeza seftriaksoni na azithromisini, na baadhi ya bakteria wake walionyesha kuihimili siprofloksasini kwa kiasi. Hizo ni karibu dawa zote ambazo daktari wa wilaya angefikiria.

Habari hizo hazikupatikana kwa mashine ya saa mbili. Zilipatikana kwa chupa za damu, vioteshi, karatasi za dawa, na watu waliofanya kazi ile ile miaka zaidi ya kumi bila kuacha. Jeni zilisomwa baadaye, juu ya bakteria waliokuwa wamekwisha kuhifadhiwa.

Kwa bakteria hao wa damu kasi imetafutwa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2018 kamati ya Ulaya inayoshughulikia vipimo vya usugu, EUCAST, imetoa kanuni za kutumia zile zile karatasi za Kirby na Bauer moja kwa moja juu ya damu iliyokwisha kuonyesha bakteria chupani, na kupima maduara baada ya saa 4, 6 au 8 badala ya kungoja siku nyingine nzima. Maduara huwa madogo na hafifu, na kuna majibu ambayo mpimaji hulazimika kuyaacha bila kuamua. Hata hivyo, siku moja hupunguzwa bila kununua mashine. Kwa maabara ambayo tayari inajua kuotesha damu vizuri, hiyo ni faida kubwa.

Sharti liko katika maneno hayo ya mwisho. Matokeo ya uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kati ya maabara za tiba karibu 50,000 ni 1.3 kwa 100 tu zilizopima bakteria. Congo haikuwa miongoni mwa nchi hizo 14, lakini jirani zake walikuwamo. Makadirio yaliyochapishwa katika Lancet mwaka huo huo yalisema kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria, na kwamba Afrika iliyo kusini ya Sahara ndiyo iliyolemewa kuliko sehemu nyingine. Mahali panapokufa watu wengi zaidi kwa usugu ndipo usugu unapopimwa kwa uchache zaidi.

Tena, saa mbili za mashine si saa mbili za mgonjwa. Mashine huhitaji umeme usiokatika na chumba kisichozidi joto la nyuzi 30. Makasha hayatakiwi kuhifadhiwa kwenye joto lizidilo nyuzi 28. Makohozi husafirishwa kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo, na likifika huenda likakuta duka la dawa la kituo halina dawa iliyoandikwa. Anayehesabu wakati tangu kasha liingie hadi jibu litoke amehesabu sehemu iliyo rahisi. Wakati wa kweli huanza mgonjwa anapotoka nyumbani, na huisha anapomeza dawa inayomfaa.

7. Hitimisho

Historia hii ya miaka themanini ina mwelekeo ulio wazi. Jibu lililohitaji miezi sasa huweza kupatikana kwa saa, na lililohitaji siku tatu huweza kupatikana kwa mbili au pungufu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na kuyadharau ni kuwadharau walionusurika kwayo. Lakini kila hatua yake ilitegemea kazi isiyo na haraka: jedwali la milimita la mwaka 1966, bakteria waliohifadhiwa Kisantu, sahani za Eswatini zilizoikanusha mashine. Nchi inayonunua kasi bila kulea kazi hiyo itakuwa na majibu ya upesi kwa maswali ya zamani, na bakteria hawaulizi maswali ya zamani.

Mwaka 1982 bakteria wa Zaire walisomwa London. Mwaka 1994 walisomwa Goma, lakini kwa maabara iliyoanzishwa wakati maziko yamekwisha kuanza. Katika miaka ya 2010 walioteshwa Kisantu na Kinshasa kwa mikono ya Wakongomani, kabla ya gonjwa kufika katika magazeti. Mpangilio wa tarehe hizo tatu ndio kipimo cha maendeleo kinachostahili kutazamwa. Kazi iliyobaki ni kuufikisha kituo cha afya cha mbali, pamoja na maneno ya kumweleza mgonjwa kwamba aliye sugu si mwili wake.